Anahema, Alisema Mama

Kaka yangu alianza kupumzika njiani akiwa na miaka thelathini na tisa. Niliona kwa mara ya kwanza alipokuja nyumbani kwetu Mugoma wakati wa kuvuna maharage. Tulishuka naye bondeni kuteka maji, na wakati wa kupanda akasimama mara nne. Kilima hicho tulikuwa tukikipanda mbio utotoni, ndoo zimejaa. Mara ya kwanza alijifanya anafunga kamba za viatu. Mara ya pili akasimama kutazama migomba ya jirani kama mtu anayetaka kuinunua. Mara ya tatu hakujifanya chochote. Alishika magoti, mdomo wazi, na nikasikia sauti ndani ya kifua chake, kama mtu anakwangua ukoko wa ugali kwenye chumba cha pili.

"Kaka, unaumwa?"

"Uzee," akasema.

Mama yetu, ambaye amepita miaka sabini, alikuwa ameshafika juu na ndoo yake anatungoja.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nafundisha sekondari huko Rulenge, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki kutoka kwa mama, zaidi mvua ikinyesha. Kiswahili sikukinyonya. Nyumbani kwetu ni Kihangaza tangu asubuhi mpaka kulala, na Kiswahili nilikikuta shuleni nikakipenda kama mtoto anavyoipenda nyumba ya jirani yenye sakafu ya saruji. Kaka hakukipenda. Alichanganya r na l kama wengi wetu, lakini yeye alikuwa mbishi, na mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa na fimbo ya mti wa kahawa kwa ajili ya wabishi. "Kulala" kwake ilikuwa "kurara" mpaka alipomaliza darasa la saba. Hakurudi shule tena. Alipanda lori la mahindi lililokuwa linakwenda Biharamulo, na baada ya miezi tukasikia yuko kwenye dhahabu.

Hakuchimba. Watu wakisikia dhahabu hufikiri shimo. Yeye alikuwa mtu wa karasha, ile mashine inayosaga mawe yaliyotolewa shimoni mpaka yawe unga, ndipo unga ule uoshwe na dhahabu itafutwe. Alioa hukohuko, kijiji cha Nyamahanga, mwanamke Msubi, mkulima, mcheshi, wakazaa mabinti wawili. Nilikwenda kuwatembelea mara moja, na wifi akanipeleka machimboni tumpelekee kaka chakula cha mchana. Tulipokaribia niliona wanaume watano wamesimama ndani ya wingu jeupe. Walikuwa weupe nywele, nyusi, mikono, mpaka kope. Nikamwambia wifi, "Kumbe hapa kuna mashine ya unga wa sembe?" Akacheka mpaka akaweka sufuria chini. Mmoja wa wale wanaume akaja kwetu, akafungua kitambaa alichofunga puani, na pale kitambaa kilipokuwa ngozi yake ilikuwa nyeusi. Hapo ndipo nikamtambua kaka yangu.

Alisaga mawe zaidi ya miaka ishirini.

Baada ya yale maharage alikwenda zahanati. Kikohozi kimezidi wiki mbili, mwili umekonda, jasho: wakamwandikia dawa za kifua kikuu, na mtu yeyote angemwandikia hivyo. Alizinywa miezi sita bila kuruka siku. Alipomaliza, kikohozi kilikuwa kilekile na sasa alipumzika hata akitembea mahali tambarare. Akaandikiwa dawa tena. Watu wa Nyamahanga walianza kumkwepa, wakiamini anaambukiza. Wifi alinisimulia kwamba jirani mmoja alikuwa akiosha benchi kwa maji ya moto kila kaka akiinuka. Makohozi yalipimwa mara tatu na hayakuonyesha mdudu.

Nilipoona hivyo niliomba ruhusa shuleni, nikaenda kumchukua, mimi na wifi tukampeleka hospitali kubwa. Wakampiga picha ya kifua. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Aliitundika picha kwenye taa, akaitazama kwa muda, kisha akamuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza kwa miaka miwili.

"Kaka, unafanya kazi gani?"

"Nasaga mawe."

"Ya dhahabu?"

"Ndiyo."

Daktari akakaa. Alituonyesha kwenye picha madoa meupe, mengi, yametawanyika pande zote mbili kama chokaa iliyomwagika. Akasema lile ni vumbi la mawe. Limeingia kidogokidogo, limekaa kwenye mapafu, na mapafu yamejaribu kulizungushia kovu mpaka yamegeuka kovu yenyewe. Nikamuuliza dawa. Akasema za kumpunguzia kikohozi zipo, na akizidiwa wanaweza kumwekea hewa ya oksijeni. Nikamuuliza dawa ya kulitoa lile vumbi.

"Halitoki, mama," akaniambia.

Kaka alikuwa anavaa shati. Alifunga kifungo kimoja kwenye tundu lisilo lake, akalifungua, akafunga tena.

Siku ile alitakiwa kulazwa. Pale mapokezi ya wodi muuguzi alipekua daftari lake akasema hakuna nafasi. Hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka. Kaka alilala kwenye mkeka ukumbini siku mbili, mimi na wifi tukipokezana kukaa nyuma yake ili atuegemee, maana akilala chali alikosa hewa kama mtu anayezama. Siku ya tatu kitanda kikapatikana, na sisi wote tulijua kimepatikanaje, kwa sababu tulikuwa tumesikia kilio asubuhi.

Alipotoka hospitalini hakurudi Nyamahanga. Aliletwa Mugoma kwa mama. Wifi alibaki kule kwa sababu ya mabinti waliokuwa shuleni, akawa anakuja kila alipoweza. Mimi nilikuwa nakuja kila Jumamosi. Tulimtengenezea kaka kiti cha mbao chenye meza ndogo mbele yake, na juu ya meza gunia la maganda ya maharage, ili ainamie pale na kulaza kichwa. Aliishi ameinama hivyo. Alikuwa mtu mrefu, lakini naukumbuka sana upara wake mdogo wa utosini, ambao sikuwahi kuuona kabla ya hapo.

Kusema kulimchosha. Kusikiliza hakukumchosha. Jumamosi moja aliniambia, bila kuinua kichwa, "Mwalimu, niletee neno."

"Neno gani?"

"Lolote. Mama ananiletea magonjwa ya ng'ombe tu."

Sikuwa na lolote tayari, nikampa lililokuwa mbele yetu. Nikamwambia kwamba kupumua, pumzi, pumu na kupumzika ni mtu na ndugu zake, mzizi ni mmoja. Nikamwambia kuna kitenzi cha zamani, kupuma, ambacho maana yake ni kudunda, kama mshipa wa shingoni unavyodunda mtu akipandwa na hasira au homa, na wengine wanafikiri kupumua kumetoka huko, ingawa mimi sina hakika. Nikamwambia kupumzika ndiko kunakonipendeza zaidi, kwa sababu wanafunzi wangu wote wanadhani ni kuacha kazi.

"Kumbe siyo?"

"Kulianza kama kuipata pumzi. Mtu amepanda mlima, pumzi imemtoka, anasimama mpaka imrudie. Huko ndiko kupumzika. Kukaa chini kulikuja baadaye."

Mama alikuwa anapepeta maharage mlangoni, akasimamisha ungo asikie.

"Basi mimi huwa ninakaa tu," kaka akasema. "Sijapumzika tangu mwaka juzi."

Nilijuta kumletea neno lile. Lakini Jumamosi iliyofuata aliuliza tena, na safari hii nilikuja nimejiandaa. Nilimletea nafasi. Nikamweleza kwamba limetoka kwa Waarabu, na kwao lilikuwa ni pumzi. Mtu mwenye nafasi ni mtu mwenye mahali pa kuvuta hewa. Nafsi nayo ni mtoto wa nyumba hiyohiyo.

Mabega yake yalianza kutikisika. Nilidhani ni kikohozi nikainuka, kumbe alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti kwa sababu hakikuwa na hewa ya kukisukuma.

"Kwa hiyo yule nesi wa mapokezi," akasema, akavuta, akasubiri, akavuta tena. "Aliposema hakuna nafasi. Alikuwa ananipa majibu ya vipimo."

Nilicheka naye. Mama akatuuliza tunacheka nini, nikamtafsiria, na yeye hakucheka.

Aliniuliza na roho. Nikaanza kumweleza kwamba nalo ni la Waarabu, na kwao ni jamaa wa karibu na upepo, lakini kabla sijafika mbali akainua mkono kutoka kwenye gunia. "Hilo liache kwanza," akasema. Nikaliacha. Mpaka leo sijui alikuwa analiwekea siku gani.

Badala yake akaniuliza la kwetu. "Na guhema?"

Kwa Kihangaza chetu guhema ni kupumua tu. Mtoto mchanga aliyelala vizuri anahema. Ng'ombe aliyeshiba anahema. Ndugu zetu wa Burundi nao wanalitumia hivyohivyo. Lakini ukilivusha neno hilo likaingia kwenye Kiswahili, linabeba mzigo: kuhema ni kupumua kwa shida, kwa kasi, kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Nilimwambia hayo. Nikamwambia limetoka wapi mimi sijui, hakuna aliyenifundisha.

"Ulisoma miaka yote hiyo," akasema. "Guhema hawakukufundisha?"

"Hawakunifundisha."

"Sasa nani ataangalia?"

Nikasema nitaangalia. Sikuangalia. Sikujua hata nianzie wapi.

Mazungumzo hayo yalikuwa wiki tatu kabla ya siku ya mwisho. Naitaja hesabu hiyo ili ieleweke kwamba sikuwa mtu asiyejua. Tulikuwa tumelizungumza neno lenyewe, mimi na yeye, kwenye kiti chake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, na shuleni tulikuwa na mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Mimi nilikuwa msimamizi wa chumba cha pili. Saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko kati ya karatasi mbili, simu ikaita, nikatoka nje nikasimama karibu na tangi la maji. Alikuwa mama. Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanaume akisema Kiswahili. Nikamtambua kuwa ni muuguzi wa zahanati, kijana wa kutoka upande wa Shinyanga asiyejua Kihangaza. Alikuwa na desturi ya kupita kumwona kaka akienda kazini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Kaka anaendeleaje?"

"Anahema, mwanangu," akasema. "Anahema."

Mama hutumia Kiswahili kama nguo ya kanisani. Anakitoa kukiwa na mgeni, akiwa ofisini, akiwa mbele ya mtu mwenye koti jeupe. Muuguzi alikuwa amesimama pembeni yake, kwa hiyo alikuwa amekivaa. Nilipaswa kusikia hivyo. Alisema "anahema", Kiswahili kamili, na mimi ambaye kila siku nasahihisha viambishi vya watoto wa watu nilikisikia kile kiambishi cha -na-, ambacho si cha Kihangaza, na sikukisikia. Nilisikia Kihangaza, kwa sababu ilikuwa sauti ya mama. Nilisikia kwamba kaka yangu anapumua.

"Asante Mungu," nikasema.



"Ndiyo," mama akasema. "Asante Mungu."

"Nitakuja Jumamosi. Mwambie nina neno zuri."

"Haya."

Nilirudi ndani nikagawa karatasi ya pili. Nakumbuka nilikuwa na furaha. Kulikuwa na msichana wa dawati la mbele aliyekuwa na kwikwi, nikamruhusu atoke akanywe maji, jambo ambalo haliruhusiwi. Nilitembea kati ya madawati mpaka saa saba na nusu, nikakusanya karatasi, nikazifunga, nikaenda kula. Saa tisa na robo simu ikaita tena, safari hii namba ya jirani yetu wa Mugoma. Aliponiita "mwalimu" tu, bila salamu, nilijua.

Niliporudisha hesabu nyuma, na nimeirudisha mara nyingi, ilikuwa hivi. Mama alipiga saa nne. Ningepanda pikipiki saa nne na nusu, ningefika kabla ya saa saba. Kaka alikata roho karibu na saa tisa. Nisingeweza kumwokoa; daktari alishasema halitoki. Lakini ningekuwa nyuma yake. Alihitaji mtu wa kumwegemea, na siku hiyo aliyekuwa nyuma yake ni mama, mwanamke mwembamba wa miaka sabini, kwa saa tano, mpaka mikono ikamfa ganzi na jirani akaja kumpokea. Wifi alikuwa njiani kutoka Nyamahanga na basi liliharibika. Naye hakuwahi. Aliingia uani amebeba kuku wa kumchemshia supu, akakuta watu wamekaa chini.

Tulimzika Alhamisi, nyuma ya migomba, karibu na baba. Udongo wa pale ni mwekundu na mwepesi, na wachimbaji kaburi walikuwa vijana wa kijijini. Mmoja alipokuwa anatupa udongo kwa koleo, vumbi likainuka likamfunika wifi. Akaenda kusimama mbali, amejifunika pua kwa kanga, na akina mama wengine wakaona kama anaona kinyaa. Nikaenda kusimama naye.

Katekista aliongoza sala. Alisema ndugu yetu amepumzika. Alilisema vizuri, kwa sauti ya mtu anayeamini, na kila mtu akaitika. Mimi sikuitika. Nililijua neno lile linatoka wapi, na nilijua kwamba kitu ambacho neno hilo linaahidi ndicho kitu kimoja ambacho kaka alikitafuta kwa miaka mitatu akikosa, mpaka dakika ya mwisho. Nilitaka kumkasirikia katekista. Sikuweza. Nilijikasirikia mimi.

Sikumwambia mtu yeyote habari ya ile simu. Nilirudi kazini. Nikasahihisha mitihani ile, na kwenye karatasi moja mwanafunzi alikuwa ameandika sentensi kwa kutumia neno "hema", akamaanisha lile la turubai. Nikampa alama yake nikatoka nje ya ofisi ya walimu nikakaa kwenye ngazi. Mwenzangu wa Jiografia akanifuata akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia kichwa.

Nilimwambia mama miezi kadhaa baada ya matanga, nilipokwenda kumsaidia kupanda. Tulikuwa tumekaa shambani tunakula viazi vitamu vya jana. Nikamwambia kwamba siku ile aliponipigia nilimwelewa vibaya. Nikamweleza kwa Kihangaza, polepole, kwamba nilidhani anasema kaka anapumua.

Mama akaacha kutafuna.

"Nilisema nini?"

"Ulisema anahema."

"Ndivyo alivyosema nesi. Aliniuliza, mama, huyu anahema hivi tangu lini? Akanipa simu akaniambia, mwambie binti yako anahema. Nikakuambia kama alivyoniambia. Nikaona ndilo neno la hospitali."

"Nilijua, mama. Nilipaswa kujua."

"Uliposema asante Mungu," akasema, "nilishangaa. Nikafikiri labda mwalimu amechoka, anataka kaka yake apumzike. Nikasema basi, kama mwalimu anashukuru, na mimi nishukuru."

Hakulia wala hakunishika mkono. Alipangusa kiazi kilichobaki akakirudisha kwenye kikapu. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Kwa hiyo hukukataa kuja?"

"Sikukataa, mama."

"Miezi yote hii nilidhani ulikataa."

Tuliendelea kupanda mpaka jua likawa kali. Hakulitaja tena, na mimi sikulitaja. Lakini nilipokuwa naondoka alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo alikuwa ameacha kulifanya tangu msiba, na mimi nilikuwa nimedhani ni miguu.

Wifi alikuwa amerudi Nyamahanga na mabinti. Kiangazi kile nilikwenda kumwona, na sikumkuta nyumbani. Jirani akanielekeza machimboni. Nilimkuta kwenye kivuli cha turubai, amechuchumaa na wanawake wengine wawili, anachekecha unga wa mawe unaotoka kwenye karasha. Karasha lilikuwa lilelile, hatua ishirini kutoka pale, linanguruma. Kope zake zilikuwa nyeupe. Aliponiona akainuka haraka, akajipangusa, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Wifi, shamba limekauka," akasema kabla sijafungua mdomo. "Mvua ikinyesha nitalima."

"Tangu lini uko hapa?"

"Siku hizi tu."

Mwanamke mmoja akatazama chini. Nikamuuliza wifi mara ya pili, akasema tangu kaka alipoletwa Mugoma. Nikahesabu kimoyomoyo. Zile safari zake zote za kuja kumwona, zile nguo alizokuwa anafua kabla ya kuingia ndani, na kikohozi alichosema ni cha vumbi la barabarani.

Nilimwendea mwenye mashine. Alikuwa mzee mwenye heshima zake, alimjua kaka, alichanga msibani. Nikamwamkia, nikamwambia yale aliyotuambia daktari, kwamba mawe yakilowanishwa kabla ya kusagwa vumbi linapungua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema maji yanafanya unga ugande ndani ya mashine, na hata hivyo mto uko mbali, na hata hivyo yeye mwenyewe anakohoa, mwalimu, sasa afanye nini. Akafunua kifua cha shati kunionyesha mbavu, kana kwamba mimi ni daktari.

Ilinichukua siku mbili kumshawishi wifi akapigwe picha. Tulikwenda hospitali ileile, na daktari alikuwa yuleyule. Hakuhitaji kuuliza kazi. Madoa yalikuwepo, machache, upande wa juu, mtu asiyejua angeyapita. Daktari akamwambia kwamba mapafu yake bado yanafanya kazi, na kwamba hawezi kumhakikishia yatabaki hivyo, kwa sababu wakati mwingine ugonjwa huu huendelea hata mtu akiondoka kwenye vumbi. Lakini asipoondoka ni hakika.

"Leo," daktari akasema. "Siyo baada ya mvua."

Wifi akauliza kama anaweza kurudi kuchukua vitu vyake. Daktari akatabasamu kidogo akasema vitu ni sawa.

Tulirudi Nyamahanga kufunga mizigo na kuwatoa mabinti shule, maana mama alikuwa ameshakubali wote waje Mugoma. Wifi alitaka kuwaaga wenzake, nikaenda naye mpaka ukingoni mwa machimbo, nikamwambia asiingie kwenye lile wingu. Akawaita kwa mkono. Wakaja, weupe, wakamkumbatia kwa uangalifu wasimchafue. Walimuuliza picha imesema nini, akawaambia. Wakatikisa vichwa.

Kulikuwa na mwanamke mwingine, mgeni, amesimama kando na kitenge cha kujitanda, mtoto mgongoni. Alikuwa ametoka Geita siku chache kabla. Alingoja kwa adabu mpaka kuagana kukaisha, akamwamkia wifi, akamuuliza kama chekeche lake sasa halina mtu. Wifi akanitazama. Kisha akamwambia asilete mtoto huku, amwache nyumbani. Yule mwanamke akasema hana wa kumwachia. Wifi akafungua kanga yake ya kujifunga puani, akaikung'uta mbali na mtoto, akampa. Akamwonyesha namna ya kuifunga, mikunjo miwili, fundo nyuma ya kisogo, na yule mwanamke akamshukuru sana, akaingia kazini.